Kasha la zana za mawe la kufundishia: takataka zinalipa, shoka la mkono halilipi

Ukitaka kujua kama seti ya zana za mawe imetengenezwa na mtu anayeijua kazi, usianze na ile zana nzuri kuliko zote. Anza na takataka. Kasha hili, linalouzwa Kampala kwa shule za sekondari kwa shilingi 280,000, lina kifuko cha gunia chenye karibu kilo moja ya vibanzi, yaani vipande vinavyobanduka jiwe linapogongwa, na mabaki, kimesukumwa pembeni kana kwamba muuzaji alikionea haya. Hicho ndicho kitu bora humo ndani. Shoka la mkono, yaani zana ya jiwe inayoshikwa kiganjani bila mpini, lililolazwa katikati juu ya sponji na kupewa kibandiko cha rangi ya dhahabu, ndicho kitu kibovu kuliko vyote. Kibaya chajitembeza.

Vitu vingine ni hivi: nyundo mbili za mawe, jiwe mama (lile linalobanduliwa vibanzi) moja la kwatsaiti, jiwe gumu la chembe zilizoshikamana, lenye uzito wa kilo moja na nusu, mapande manne ya kwatsi nyeupe, kipasulio (kibanzi kikubwa chenye makali mapana mbele), sululu nzito ya mtindo wa Sango, vijiwe sita vya umbo la mwezi mwandamo vya kupachikwa kwenye mpini, mpini wa mti wenye mfuo, bonge la ulimbo (gundi ya utomvu), jiwe lenye tundu, kokoto ya mto iliyoandikwa “Kafu”, miwani moja ya kinga, glavu jozi moja na kijitabu cha kurasa 24. Kasha lenyewe ni la mbao, limepigwa misumari vizuri na bawaba hazilegei. Kwa barabara zetu hilo si jambo dogo, maana mzigo huu una uzito wa mtoto wa chekechea na utasafiri kwa boda.

Turudi kwenye vibanzi. Chukua kimoja ukishike kwenye mwanga wa dirisha. Uso wa ndani, ule uliokuwa umeshikamana na jiwe mama, ni laini, na karibu na mahali nyundo ilipotua kuna kinundu kama mgongo wa kijiko. Kutoka hapo viwimbi vinatanuka kuelekea chini, vimekolea mwanzoni kisha vinafifia. Juu ya kinundu kuna kipande kidogo cha uso bapa, si kipana kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: hapo ndipo pigo lilipogusa, milimita sita au saba kutoka ukingoni, si ukingoni kabisa. Upande wa nje una makovu ya vibanzi vilivyotangulia, na pembeni limesalia ganda la asili la jiwe lenye rangi ya kutu. Ncha ya chini imekonda mpaka mwanga unapenya.

Kibanzi hicho kimoja kinafundisha kuliko mabango matatu ya ukutani. Nyundo inapogonga jiwe gumu lenye chembe zilizoshikamana vizuri, nguvu huingia ikitanuka kwa umbo la koni, na kinundu ni sehemu ya koni hiyo. Mawe yanayovunjwa na jua, na maji au na mizizi kwa kawaida hayaachi alama hizi zikiwa zimepangana hivyo. Mwanafunzi aliyeshika kinundu kwa kidole gumba hahitaji kukariri tofauti ya zana na jiwe lililopasuka lenyewe.

Aliyetengeneza kifuko hiki pia amefanya jambo ambalo hata kijitabu hakilitaji: vibanzi vitatu kati ya vile vikubwa vimetoka kwenye jiwe mama lile lile lililomo kashani. Ukivirudisha kwa mpangilio vinakaa mahali pake, kimoja juu ya kingine, kama ganda la yai lililovunjwa kwa uangalifu. Wanaakiolojia hutumia njia hiyo hiyo kujua mchongaji alianza wapi na alifikiri nini. Huko Lokalalei, magharibi mwa ziwa Turkana nchini Kenya, mabaki ya miaka milioni 2.34 yalirudishwa pamoja namna hiyo, ikaonekana kwamba watu wale walikuwa wakilizungusha jiwe na kulinda pembe nzuri ili wapate vibanzi vingi mfululizo. Hawakuwa wakigonga ovyo. Mpe mwanafunzi vibanzi hivyo vitatu bila maelezo, aone mwenyewe kipi kilitoka kwanza. Ni zoezi la dakika kumi na halichoshi.

Sasa shoka la mkono. Limekatwa kwa grainda. Ukilipitisha karibu na macho unaona michirizi midogo iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, na juu yake mtu amechimba vishimo vya kuigiza makovu ya vibanzi. Havina kinundu wala viwimbi, na vyote vina ukubwa mmoja. Ukingo una unene wa sahani na haukati hata karatasi. Jiwe lenyewe ni laini, linakwaruzwa kwa msumari na kuacha unga mweupe, yaani ni jiwe la kuchongea vinyago. Mtu wa kale asingelipoteza nusu saa kwa jiwe la namna hiyo.

Hii si kasoro ya urembo. Inafundisha uongo. Mwanafunzi akilishika ataamini kwamba shoka la mkono lilisuguliwa mpaka likapata umbo, wakati kusugua na kung'arisha mawe ni ufundi uliokuja baadaye sana. Mashoka ya mkono, yaliyoanza Afrika Mashariki yapata miaka milioni 1.76 iliyopita, yalimegwa. Yale yaliyopatikana Nsongezi, kando ya mto Kagera wilayani Isingiro, yanaonyesha jambo hilo wazi kwa yeyote mwenye macho.

Kwa kuwa kijitabu kimeruka hatua za kutengeneza shoka la kweli, tuziweke hapa. Kwanza ni kuchagua jiwe. Ligonge kidogo kwa nyundo likiwa limening'inia kati ya vidole: likilia kama kengele, ni zima ndani; likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, lina ufa, liache. Kinachofaa ni kibanzi kikubwa cha urefu wa sentimita 15 hadi 20 na unene wa sentimita nne au tano, au kokoto kubwa ya mto iliyo bapa. Kokoto ya duara kama chungwa haina pa kuanzia.

Keti kwenye kigoda kifupi, weka kipande cha ngozi nene juu ya paja la kushoto, jiwe lilalie hapo huku mkono ukilishika kwa chini. Nyundo ya kuanzia iwe na gramu 700 hadi kilo moja, ya mviringo, ngumu, isiyo na kona. Tafuta ukingo ambao uso wa kupigia na uso unaotaka kuumega vinakutana kwa pembe kali, nyuzi 70 hivi. Ikifika nyuzi 90 acha, maana nguvu itazama ndani ya jiwe na hakuna kitakachobanduka isipokuwa ngozi ya vidole vyako. Piga milimita tano hadi kumi ndani ya ukingo, mkono ukishuka kwa mkunjo kana kwamba unaendelea kupita jiwe. Kibanzi kitatoka upande wa chini na kubaki mkononi mwako.

Hapo ndipo siri ilipo: geuza jiwe, na kovu lililobaki litumie kama uso wa kupigia kibanzi kinachofuata upande wa pili. Piga, geuza, piga, geuza. Ukingo utaanza kwenda kombokombo kama njia ya nyoka, na huo ni mwendo mzuri. Umbo likishakaribia, badili nyundo uchukue ya gramu 300 au 400, kisha gongo la mti mgumu au kipande cha mfupa mnene. Nyundo laini hubandua vibanzi virefu na vyembamba vinavyovuka katikati ya zana, na hivyo ndivyo unene unavyopungua bila upana kuliwa. Kabla ya kila pigo la kupunguza unene, sugua ukingo kwa jiwe lenye mparuzo mpaka ule wembamba unaovunjika-vunjika uishe. Wanaoanza hawapendi hatua hii. Wanaona wanaharibu makali waliyoyapata kwa jasho, lakini ukingo usiosuguliwa unasagika chini ya nyundo na nguvu haiendi popote.

Mambo hukwama kwa njia tatu au nne tu. Kibanzi kikikatika njiani na kuacha ngazi kwenye uso wa jiwe, ama pigo lilikuwa dhaifu kwa kibanzi kinene kiasi hicho, ama ndani kuna ufa. Kikiishia na mkunjo wa mviringo badala ya makali, mara nyingi mkono ulivuta kwenda nje badala ya kusukuma kwenda ndani. Usipige tena palepale, maana ngazi ya pili itakaa juu ya ya kwanza, kisha ya tatu, na utabaki na nundu katikati isiyotoka kamwe. Lishambulie kutoka upande mwingine. Na ncha ikikatika ghafla wakati unapiga upande wa mbali, jiwe lilitikisika kwa sababu halikuegemezwa. Hilo linauma zaidi, kwa sababu hutokea kazi ikiwa imekaribia kwisha.

Mchongaji mzoefu humaliza kwa dakika 15 hadi 30 na kuacha mamia ya vipande chini. Linganisha na shoka la kasha hili, ambalo limekuja na takataka za jiwe jingine kabisa. Kwatsaiti kwenye kifuko, jiwe laini kwenye sponji. Mwanafunzi mwerevu ataliona hilo kabla ya mwalimu.

Kipasulio kinaokoa heshima kidogo. Hiki ni kibanzi kikubwa kweli, kilichobanduliwa kwa pigo moja, na makali yake ya mbele yameachwa kama yalivyotoka. Mbavu mbili tu ndizo zilizomegwa ili zishikike. Ndivyo inavyotakiwa: ubora wa kipasulio uliamuliwa kabla hakijatoka kwenye jiwe mama, kwa kupanga uso mapema ili ukingo uje mpana na mkali. Makali yake yanakata ngozi ya mbuzi bila kuvutana nayo. Tatizo ni kwamba hakikufunikwa kitu, na kimegongana na jiwe mama safarini, makali yamepata mapengo mawili.

Sululu ya Sango ni nzito, ina ncha nene na upande mmoja bapa, imemegwa kwa nyundo ngumu bila madoido. Ni sahihi. Jina hilo lilitoka hapahapa Uganda: mwaka 1920 E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, aliokota zana za namna hii katika ghuba ya Sango, ziwa Viktoria, na leo jina la Sango linatumika katika vitabu vya akiolojia kwa zana za sehemu nyingi za Afrika ya kati na mashariki. Kibandiko kinasema zilitumika “kuchimbia mizizi”. Kingesema “huenda” tungekubali. Wengi wamefikiria kazi za mbao pia.

Halafu kuna kokoto ya Kafu. Kibandiko chake kinadai ni “zana ya kwanza ya binadamu, kutoka mto Kafu, Uganda”. Hapa muuzaji ameingia mtego ambao wataalamu wenyewe waliutegua zamani. Ni Wayland huyo huyo aliyezitangaza kokoto zilizopasuka za bonde la Kafu kuwa zana za mwanzo kabisa, na kwa miaka mingi jina la Kafu likasomeshwa kama hatua ya kwanza ya ufundi wa binadamu. Mwaka 1958 mwanaakiolojia J. Desmond Clark alionyesha kwamba kokoto za korongo la Batoka, kwenye mto Zambezi, zilipasuka vilevile kwa kuanguka na kugongana tu. Mwaka uliofuata mwanajiolojia W. W. Bishop akayarudia matabaka ya Kafu yenyewe, na zile zilizoitwa zana zikaondolewa kwenye orodha. Kokoto iliyomo kashani inathibitisha hoja yao: imepasuka pande mbili kwa pembe butu, makovu yake yamechakaa tofauti tofauti, moja limeng'arishwa na maji na jingine ni bichi, maana yake hayakutokea siku moja.

Kokoto hiyo usiitupe, ila ng'oa kibandiko. Iweke mezani pamoja na kibanzi halisi, waulize wanafunzi ipi ni kazi ya mkono. Kwa zoezi hilo, kosa la muuzaji limegeuka kifaa cha kufundishia, na ni la bure.

Mapande ya kwatsi ndiyo yanayolifanya kasha hili kuwa la Uganda. Zana nyingi za zama za mawe za mwisho zilizopatikana nchini ni za kwatsi nyeupe, jiwe ambalo mtoto yeyote wa kijijini ameliokota njiani. Lakini kwatsi ni jeuri. Ina nyufa ndogo ndani, haifuati matakwa yako, na ukiipiga kama kwatsaiti inapukutika kuwa sukari. Watu wa kale waliijia kwa njia nyingine: waliisimamisha juu ya fuawe la jiwe na kuipiga wima kutoka juu, ikabanwa kati ya nyundo na fuawe mpaka ikapasuka kwa urefu. Vipande vinavyotoka havina kinundu kinachoonekana, na mara nyingi vimesagika ncha zote mbili, juu na chini. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta kinundu atasema si zana. Mwambie aangalie zile ncha mbili.

Muuzaji ametoa kwatsi nzuri, ya maziwa yenye sehemu angavu kama barafu. Hizo angavu ndizo zinazopasuka vizuri. Lakini hakutoa fuawe, na kijitabu hakiitaji. Tafuta jiwe bapa zito lisilopungua kilo tano, lichimbie kidogo ardhini lisicheze. Jiwe mama zuri la kwatsi liwe na ukubwa wa yai, si zaidi. Lishike kwa ukanda wa mpira wa tairi uliokunjwa badala ya vidole, kwa sababu nyundo ya gramu 400 haijui kidole ni nini. Ukitaka kuwaeleza watoto wa Kampala, wape mfano wa wale akina mama wanaoponda kokoto machimboni. Mponda kokoto anataka jiwe livunjike popote, mradi vipande vilingane. Anapiga katikati, kwa nyundo ya chuma. Mchonga zana anataka jiwe livunjike mahali pamoja tu. Nguvu ni ileile, shabaha ndiyo inayotofautiana.

Na hapo ndipo kijitabu kinapoboronga vibaya. Ukurasa wa 9 umeandika: piga katikati ya jiwe kwa nguvu zako zote. Hayo ni maelekezo ya kokoto. Mwalimu akiyafuata kwa lile jiwe mama la kwatsaiti, ama atalipasua vipande viwili visivyofaa, ama nyundo itamrukia usoni. Ukurasa huo ufutwe kwa kalamu kabla kijitabu hakijafika darasani. Pia kinasema zana za kwanza ni za miaka milioni 2.6. Hiyo ni hesabu ya Gona, Ethiopia. Tangu 2015 kuna za Lomekwi, Kenya, zenye miaka milioni 3.3. Kiswahili chake ni kizuri na hakina mbwembwe, ila kitu kimoja kinaitwa “kiini” ukurasa wa 5, “jiwe mama” ukurasa wa 7 na “bonge” ukurasa wa 12. Kwa wanafunzi wanaojifunza somo na lugha kwa pamoja, hilo linachanganya.

Nyundo mbili zilizomo zina gramu 160 na 210. Kwa vijiwe vidogo zinatosha, kwa jiwe mama la kilo moja na nusu ni kama kupigia msumari wa inchi sita kwa kijiko. Nyundo nyepesi inamlazimu mtu kuzungusha mkono kwa kasi, na kasi ikizidi shabaha hupotea. Okota nyundo zako mtoni: za mviringo, za jiwe lenye chembe ndogo, gramu 400 hadi 700, bila ufa.

Vijiwe vya mwezi mwandamo ni kazi ya fundi hodari. Ni vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, kila kimoja sentimita mbili na nusu. Upande ulionyooka umeachwa na makali yake ya asili, na ule wa mviringo umegongwa-gongwa kwenye fuawe mpaka ukawa butu. Ubutu huo si uzembe. Ndio upande unaozama kwenye ulimbo, na ukiwa mkali unakata ulimbo na kuchomoka. Lawama yetu ni kibandiko tu: “kutoka mapango ya Uganda”. Obsidiani ya kanda hii ni ya bonde la ufa la Kenya, upande wa Naivasha, na vijiwe vya hapa kwa kawaida ni vya kwatsi. Ungewekwa angalau kimoja cha kwatsi pembeni, mwanafunzi angeona jinsi jiwe linavyomwamulia fundi: obsidiani inatoa mstari safi, kwatsi inatoa kipande kifupi chenye mikwaruzo, lakini vyote vinaingia kwenye mfuo uleule wa mpini.

Ulimbo wa kasha ni utomvu wa msonobari mtupu, na ndiyo maana kijiwe cha kwanza kinadondoka ukikikatia kipande cha nyama. Utomvu mtupu ukipoa unakuwa kama kioo. Changanya sehemu tatu za utomvu, moja ya nta ya nyuki na moja ya unga wa makaa uliochekechwa, kwenye sufuria ya kutupa, juu ya sigiri yenye moto mdogo, nje ya nyumba. Usiuache uchemke. Ukianza kutoa povu na moshi, sehemu laini inaruka na unaobaki unavunjika kama sukari guru. Dondosha tone kwenye jiwe baridi, subiri dakika mbili, kandamiza kwa ukucha: likivunjika ongeza nta, likinyumbuka kama ubani ongeza makaa. Pasha mfuo wa mpini joto kabla ya kupaka, la sivyo ulimbo unaganda juu juu bila kushika mbao. Watu wa pango la Sibudu, Afrika Kusini, walikuwa wakichanganya gundi na udongo mwekundu wa unga miaka 70,000 hivi iliyopita, kwa sababu hiyohiyo: gundi peke yake haitoshi.

Jiwe lenye tundu limetobolewa kwa drili ya umeme. Tundu limenyooka kama bomba. La kweli hugongwa kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, kwa hiyo lina kiuno katikati. Tuliache hapo.

Jambo la usalama linaudhi zaidi. Miwani moja kwa darasa la wanafunzi 60 au zaidi si kinga, ni pambo. Kibanzi cha obsidiani kinaruka mita tatu bila shida na kinakata kuliko wembe. Anayepiga avae miwani, na kila aliye ndani ya mita nne avae pia. Wengine wakae mbali. Glavu zilizomo ni za bustani, kitambaa chepesi, hazifai. Moja ya ngozi kwa mkono unaoshika jiwe inatosha, mkono wa nyundo ubaki wazi. Viatu vya kufunika vidole, si malapa. Na vumbi: mawe haya yamejaa silika, na vumbi lake jembamba likiingia kwenye mapafu halitoki. Fanyeni kazi nje, upepo ukitokea mgongoni, na baada ya kumaliza msifagie pakavu. Nyunyizeni maji kwanza. Hakuna neno moja kuhusu vumbi katika kurasa zote 24.

Je, linunuliwe? Kwa vibanzi, jiwe mama, kipasulio, kwatsi na vile vijiwe sita, ndiyo. Hivyo havipatikani dukani kwingine kwa urahisi, na mwalimu hawezi kuvitengeneza mwenyewe kwa wiki moja. Ila omba wakuondolee shoka la mkono na jiwe lenye tundu, na badala yake wakuongezee kilo mbili za kwatsaiti mbichi na miwani. Muuzaji hukubali kubadilisha ukiagiza makasha mawili au zaidi. Ukinunua moja anasitasita, lakini bei inashuka kidogo ukikataa shoka. Pesa inayobaki peleka darasa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, barabara ya Kira, wakaangalie zana za kweli nyuma ya kioo baada ya kushika hizi.

Mwalimu anayetaka kujifunza kumega kwa msukumo, yaani kubandua vibanzi vidogo kwa ncha badala ya nyundo, asianze na obsidiani ya kasha. Atumie vitako vya chupa za bia. Nene, za bure, na zinavunjika kwa tabia ileile ya obsidiani. Ncha iwe ya waya mnene wa shaba uliopigiliwa kwenye kipande cha mpini wa jembe. Msumari wa chuma unateleza juu ya kioo na kuishia kwenye kiganja.

Mwisho kabisa, zana zote za kasha hazina alama, na hili lirekebishwe siku ya kwanza. Weka nukta ya rangi ya mafuta, nyekundu, na mwaka, kwenye kila kipande kikubwa. Msiende kuchongea mawe karibu na mapango au kingo za mito ambako zana za kale zinajulikana, kama Nsongezi au Nyero, na msiokote chochote huko. Sheria hairuhusu kuchukua vitu vya kale bila kibali. Takataka za darasani zichimbieni shimo moja, zisimwagwe ovyo kwenye kiwanja. Kabla ya kufukia tupeni ndani sarafu mpya au kizibo cha soda chenye tarehe, ili atakayechimba hapo miaka mia ijayo asije akaandika ripoti.